Njaa ya Chachu: Historia Fupi ya Mbegu na Chakula katika Pombe ya Asali

1. Utangulizi

Wahenga wamesema: fuata nyuki ule asali. Lakini yule ambaye hataki kuila asali tu, bali anataka kuinywa ikiwa pombe, hana budi kumfuata kiumbe mwingine aliye mdogo zaidi ya nyuki, asiyeonekana kwa macho matupu. Kiumbe huyo ni chachu. Kazi ya nyuki hukoma siku asali iliyoiva inapofunikwa kwa nta ndani ya sega. Kazi ya chachu huanza pale mwanadamu anapoichanganya asali hiyo na maji, akaiweka mahali penye joto, akangoja.

Historia ya pombe ya asali imezoeleka kuandikwa kama historia ya wanywaji wake: wafalme na karamu zao, wazee na matambiko yao, wakwe na mahari yao. Makala haya yanaitazama kwa upande mwingine, yaani upande wa mtungi na wa mtu anayeusimamia. Swali la msingi ni hili: watu waliotengeneza pombe ya asali nyumbani kwao kabla ya kuwapo hadubini walifanya nini ili chachu ianze kazi upesi, iwe na nguvu, na isife njiani? Na wanasayansi walipoanza kuichunguza chachu katika karne ya 19, je, waligundua jambo ambalo wapika pombe hawakulijua, au walilipa jina jambo ambalo mikono ya wapika pombe ilikwisha kulizoea?

Swali hili si la udadisi mtupu. Katika vitabu vingi vya shule, elimu ya uchachuaji huanzishwa na Louis Pasteur mnamo mwaka 1857, na yote yaliyotangulia huitwa kubahatisha. Mwanafunzi anayesoma hivyo hujifunza, bila kuambiwa waziwazi, kwamba bibi yake aliyepika pombe hakuwa na elimu yoyote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pombe ya asali inaikanusha hukumu hiyo, kwa sababu asali ni chakula kibaya kwa chachu, na pombe isiyobahatisha haiwezi kutoka katika asali mwaka baada ya mwaka bila ujuzi wa mambo mawili: kuihifadhi mbegu hai na kuilisha.

2. Maneno na vitu

Ni vema kuanza na maneno. Katika lugha nyingi za Kibantu, jina la asali na jina la nyuki hutoka katika mizizi inayokaribiana. Kinyarwanda na Kirundi husema ubuki kwa asali na inzuki kwa nyuki. Kibemba husema ubuci. Kikuyu husema uuki. Kwa Wakamba, neno hilo hilo, uki, limehama kutoka asali likawa jina la pombe. Katika Kiswahili cha Tanzania, pombe ya asali huitwa wanzuki, na ndani ya jina hilo msikilizaji anawasikia nyuki waziwazi, hata kama asali yenyewe imekwisha kupewa jina la Kiarabu.

Jambo kama hilo limetokea mbali na Afrika. Katika lugha za jamii ya Kihindi-Kiulaya, mzizi mmoja wa kale ulitaja asali na kinywaji chake pamoja. Kirusi na Kipolandi mpaka leo hutumia neno moja kwa vitu vyote viwili. Kilithuania kimeyatenga kidogo, medus kwa asali na midus kwa pombe. Na katika Kigiriki cha kale neno methu lilikwisha kuiacha asali kabisa, likawa jina la mvinyo. Jamii hizi mbili za lugha hazikuazimana jambo hili. Zinashuhudia tu kwamba pale palipokuwa na asali, pombe haikuwa mbali.

Maneno yanayohusu kile kinachoigeuza asali kuwa pombe yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa katika usemi wa kila siku huchanganywa. Chachu ni neno la Kibantu lenye uhusiano na kitenzi kuchacha na sifa ya uchachu. Linakitaja kitu kwa athari yake. Hamira limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliozaa khamr, yaani mvinyo. Leo watu wengi huwaza kwanza chachu ya dukani ya kuumulia mkate. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Si chachu, ingawa wengi huidhania hivyo.

Wasomaji wa Katanga wana mfano mzuri wa kutenganisha mambo haya, nao ni munkoyo. Mizizi inayopondwa na kutiwa katika uji wa mahindi haileti kilevi yenyewe. Ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi na kuufanya sukari. Baada ya hapo ndipo vijidudu hupata cha kula. Mizizi hiyo basi ni ufunguo unaofungua ghala. Asali haihitaji ufunguo, kwa maana sukari yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni fruktosi na glukosi, iko wazi tayari. Nyuki wameshafanya kazi hiyo. Kinachokosekana katika asali ni kitu kingine. Kwa hiyo, katika kurasa zinazofuata, mambo matatu yatatengwa: ufunguo, ambao hauhusiki tena; mbegu, yaani chachu hai inayotiwa mtungini; na chakula, yaani kile ambacho chachu inakihitaji zaidi ya sukari.

3. Asali: utajiri wenye upungufu

Asali iliyoiva ina sukari kiasi cha asilimia 80 na maji kiasi cha asilimia 17 au 18. Kwa ukavu huo, chembe ya chachu inayotumbukia ndani yake hunyonywa maji yake na kulala au kufa. Ndiyo sababu asali hukaa miaka bila kuharibika. Ikichanganywa na maji, kizuizi hicho huondoka, na hata chachu chache za mwituni zilizokuwa zimelala ndani ya asali yenyewe huamka.

Hata hivyo, zinapoamka hukuta meza yenye chakula cha aina moja. Ili chembe ya chachu izaliane, inahitaji naitrojeni ya kujengea protini zake, madini kama potasiamu, magnesi na fosforasi, na vitamini kadhaa. Naitrojeni katika asali ni kama sehemu 4 tu katika 10,000, na sehemu yake kubwa imo katika umbo ambalo chachu haiwezi kulitumia kwa urahisi. Mpika pombe akiongeza maji mara tatu ya asali, upungufu huo unazidi mara nne. Maji ya zabibu yana chakula hicho mara kadhaa zaidi; na maji ya kimea yana zaidi ya kutosha. Tena asali ina asidi, lakini haina madini ya kutosha ya kuizuia asidi hiyo isiongezeke kazi inapoendelea.

Matokeo yake yanajulikana na kila mtu aliyewahi kutengeneza pombe ya asali nyumbani. Povu huchelewa. Mtungi huchemka kwa siku chache, kisha hunyamaza ilhali utamu bado ni mwingi. Pengine hutoka harufu ya mayai mabovu, ambayo ni alama ya chachu yenye njaa. Na katika siku zile za kuchelewa, bakteria wa siki na wengineo hupata nafasi ya kumiliki mtungi. Pombe ya asali haiharibiwi sana na sukari kuwa kidogo. Huharibiwa na chachu kuwa dhaifu.

4. Majibu ya Afrika: tunda, mti na sega

Jibu la kwanza na la kale zaidi lilikuwa katika namna ya kuvuna. Mahali pengi barani Afrika, asali ya kutengenezea pombe haikuchujwa ikawa safi. Masega yalikamuliwa au kulowekwa mazima, pamoja na chavua na majana. Kwa jicho la mfanyabiashara wa asali, huo ni uchafu. Kwa chachu, hicho ndicho chakula chenyewe, kwa sababu chavua na majana vina protini nyingi na madini. Katika misitu ya miombo, inayoenea kutoka Tabora hadi Katanga na kaskazini-magharibi mwa Zambia, ambako pombe ya asali huitwa mbote, asali ya kulia ilitengwa na masega ya kupikia pombe. Mgawanyo huo ulimpa mlaji utamu na chachu riziki yake.

Ethiopia ina mapokeo ya pombe ya asali yaliyoandikwa kwa muda mrefu. Kinywaji hicho huitwa tej katika Kiamhari na mes katika Kige'ez. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyekaa nchini humo kuanzia 1520 hadi 1526, alikitaja katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1540. Kwa karne nyingi tej ilikuwa kinywaji cha makabaila na cha ikulu. Utengenezaji wake huanza kwa kukifukiza chombo kwa moshi wa kuni maalumu. Asali, mara nyingi pamoja na nta na chavua yake, huchanganywa na maji kwa kiasi cha moja kwa tatu hivi, kisha huachwa siku chache. Baadaye matawi au majani ya mti uitwao gesho, Rhamnus prinoides, huchemshwa katika sehemu ya mchanganyiko huo na kurudishwa mtungini. Gesho hutia uchungu na kuwadhoofisha baadhi ya bakteria waharibifu. Mchanganyiko hukorogwa siku hata siku mpaka uive. Kila hatua ina maana kwa chachu: moshi hupunguza maadui wake, chavua humlisha, gesho humlinda, na mwiko humpa hewa.

Jibu lililo kamili zaidi kwa upande wa mbegu ni lile la Wakikuyu wa Kenya. Pombe yao ya asali huitwa muratina, na jina hilo ni la mti, si la asali. Mti huo, unaoitwa mwegea katika Kiswahili na Kigelia africana katika elimu ya mimea, huzaa tunda refu mfano wa soseji kubwa, gumu na lenye nyuzi nyingi. Tunda hupasuliwa, huchemshwa ili uchungu na ukali wake upungue, kisha hukaushwa. Halafu hutiwa kwanza katika mchanganyiko mdogo wa asali au wa maji ya miwa, likaachwa humo mpaka lichemke kwa povu. Baada ya hapo hutolewa, hukaushwa tena juani au kando ya moto, na kuwekwa akiba. Siku ya kupika pombe kubwa, vipande vya tunda lililokwisha kuzoezwa hivyo hutumbukizwa katika kibuyu kilicho karibu na jiko. Pombe ikiiva, tunda hutolewa na kukaushwa kwa ajili ya safari nyingine.

Ukitazama kwa makini, utaona hapo mambo matatu makubwa ya ufundi wa chachu. La kwanza, nyuzi za tunda ni makao ya chembe nyingi mno za chachu, hivyo mtungi huanza na jeshi, si na watu wachache waliopotea. La pili, kukausha ni njia ya kuihifadhi chachu hai bila barafu wala chupa. La tatu, kila tunda linalorudishwa ni tunda lililofanya kazi vizuri. Lile lililotoa siki hutupwa. Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi, familia ilikuwa ikichagua chachu iliyo hodari katika maji ya asali na kuiacha iliyo dhaifu. Pombe hiyo ilihitajiwa katika posa na katika mambo ya wazee, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza juu ya nafasi ya pombe katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Jambo linalodaiwa na ukoo mzima haliwezi kuachiwa bahati.

Ufundi huu una ndugu yake kaskazini ya mbali. Katika mashamba ya Norway, wapika bia waliihifadhi chachu yao, waiitayo kveik, kwa kuikausha juu ya pete za vipande vya mbao, wakairithisha watoto wao. Uchunguzi wa urithi wa chembe uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chachu hizo ni kundi la pekee, lililofugwa na wakulima wenyewe. Pete ya Norway ilisifiwa kama hazina ya elimu ya jadi. Tunda la Ukikuyuni linastahili sifa hiyo hiyo.

5. Ulaya: mvua ya zamani na chachu ya bia

Isidhaniwe kwamba Ulaya ilikuwa na siri nyingine. Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anaelekeza kuchanganya asali na maji ya mvua yaliyowekwa kwa miaka, kuyaanika mchanganyiko juani kwa siku 40 wakati wa joto kali la kiangazi, na kisha kuuweka darini unapopita moshi. Hakutaja mbegu yoyote. Chachu ya mwituni ilitegemewa kujitokeza yenyewe, na joto la jua lilikuwa msaada wake. Siku 40 hizo zenyewe ni ushahidi wa mwendo wa polepole wa chachu yenye njaa.

Katika Uingereza ya karne ya 17, hali ilikuwa imebadilika. Kitabu cha mapishi cha Sir Kenelm Digby, kilichopigwa chapa mwaka 1669 baada ya kifo chake, kina mapishi mengi sana ya pombe ya asali. Nguvu ya mchanganyiko hupimwa kwa yai bichi: ikiwa yai linaelea na kuonyesha sehemu yake ndogo juu ya maji, asali inatosha. Katika baadhi ya mapishi hayo, chachu inayoelea juu ya bia hupakwa juu ya kipande cha mkate uliobanikwa, na mkate huo huelezwa majini. Jambo hilo linaonekana kama mchezo, lakini lina hekima. Chachu iliyotoka katika bia imeshiba, kwa kuwa imelelewa katika maji ya kimea yenye naitrojeni tele. Na mkate ni jahazi lake na pia akiba ya chakula kidogo. Pale ambapo wengine walihifadhi tunda, Waingereza waliazima mbegu kwa jirani anayepika bia.

Poland nayo iliendeleza desturi ya kuziita pombe za asali kwa kipimo cha maji: aina iitwayo dwójniak ina sehemu moja ya asali kwa moja ya maji, trójniak ina moja kwa mbili, na czwórniak moja kwa tatu. Majina hayo yalipata ulinzi wa sheria ya Umoja wa Ulaya mwaka 2008. Aina yenye asali nyingi zaidi huhitaji miaka mingi kuiva, kwa sababu sukari nyingi huielemea chachu.

6. Maabara: kutoka Delft hadi Louvain

Mwaka 1680, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliona vijipunje vya mviringo katika bia kwa hadubini yake, lakini hakudhani kwamba vina uhai. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu ndipo, mnamo 1837, Charles Cagniard-Latour, Theodor Schwann na Friedrich Kützing, kila mmoja peke yake, waliposema kwamba chachu ni kiumbe hai. Wanakemia wakubwa hawakukubali. Justus von Liebig na Friedrich Wöhler waliandika mwaka 1839 kejeli juu ya kiumbe huyo mdogo anayekula sukari na kutoa pombe. Kwa Liebig, chachu ilikuwa kitu kinachooza, na mtikisiko wa kuoza kwake ndio uliovunja sukari.

Hapa ndipo Pasteur anapoingia, na jaribio lake linahusu moja kwa moja njaa inayozungumzwa katika makala haya. Kati ya 1858 na 1860, alichukua maji safi yenye sukari, akatia chumvi ya amonia na majivu ya chachu iliyochomwa, kisha akapanda chembe chache za chachu hai. Chachu ikaongezeka na sukari ikageuka pombe. Amonia ilileta naitrojeni. Majivu yalileta madini. Kwa maneno mengine, Pasteur alitengeneza asali ya bandia yenye upungufu wote wa asali, halafu akaujaza upungufu huo kwa kipimo. Palipokosekana kimojawapo, kazi ilidhoofika. Jambo lililokuwa likifanywa kwa chavua na majana lilionyeshwa sasa kwa mizani.

Liebig alijaribu kulirudia jaribio hilo, akashindwa, akatangaza kwamba halina ukweli. Pasteur alimjibu mwaka 1871 kwa kujitolea kutengeneza mbele ya mashahidi kiasi chochote cha chachu. Ugomvi huo haukupata suluhisho walipokuwa hai. Ulipata suluhisho mwaka 1901 katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, pale Eugène Wildiers, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Manille Ide, alipogundua jambo la ajabu. Katika maji ya sukari na chumvi safi, mbegu ndogo ya chachu haikuota. Mbegu kubwa iliota. Na mbegu ndogo iliota vizuri ikiwa ametia kwanza supu ya chachu iliyochemshwa. Basi ndani ya chachu, hata iliyokufa, mlikuwa na kitu fulani ambacho chachu changa inakihitaji kwa kiasi kidogo sana. Wildiers alikiita bios, yaani uhai. Baadaye ilibainika kwamba bios ni mkusanyiko wa vitu vingi, miongoni mwake vitamini: asidi ya pantotheni ilitambuliwa na Roger Williams mwaka 1933, na biotini ilitolewa katika kiini cha yai na Fritz Kögl mwaka 1936.

Maana ya ugunduzi huo kwa pombe ya asali ni kubwa. Katika chakula duni, wingi wa mbegu si suala la haraka tu. Ni suala la kuishi au kutoishi. Mbegu nyingi huja na akiba yake, na zile zinazokufa huwalisha zinazobaki. Tunda la muratina, lililojaa chachu hai na chachu iliyokufa katika nyuzi zake, ni mbegu kubwa na supu ya Wildiers kwa pamoja. Mkono uliolirudisha tunda hilo mtungini haukujua neno vitamini, lakini ulijua kwamba tunda jipya peke yake halifai, na kwamba tunda lililozoezwa linafaa.

7. Kurudi nyumbani

Katika karne ya 20, elimu hiyo ilirudi polepole kwa watengenezaji wa nyumbani. Hatua mbili zinastahili kutajwa. Mwaka 1953, A. A. Andreasen na T. J. B. Stier walionyesha kwamba chachu isiyopata hewa kabisa haiwezi kuendelea kuongezeka, kwa sababu inahitaji oksijeni kidogo ili kujitengenezea steroli, aina ya mafuta inayoimarisha ngozi ya chembe. Mwiko wa mpika tej ulipata hivyo maelezo yake: hewa ya siku za mwanzo huipa chachu uimara wa kustahimili pombe ya siku za mwisho. Mwaka 1966, Keith Steinkraus na Roger Morse wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya kuchachua asali. Kwa kutumia mbegu yenye nguvu, kuongeza naitrojeni, madini na vitamini, na kuidhibiti asidi, walifupisha kazi ya miezi mingi ikawa ya wiki chache.

Leo mtu anayetengeneza pombe ya asali nyumbani, iwe Warsaw au Nairobi, huweza kununua chachu iliyokaushwa katika pakiti. Lakini taratibu anazoshauriwa hazina ugeni kwa msomaji aliyefika hapa. Huamsha chachu katika maji ya uvuguvugu, ya nyuzi 35 hadi 40 hivi, kwa kiasi cha robo saa. Huizoeza kwa kuongeza kidogo kidogo maji ya asali, ili isishtuliwe na baridi wala na utamu. Akiwa na chachu kidogo, huilea kwanza siku moja au mbili katika chombo kidogo chenye maji ya asali yasiyo mazito, na kuimimina kubwani povu likiwa limepanda. Huikoroga katika siku za kwanza. Huilisha kwa awamu, si kwa mara moja, mpaka theluthi ya sukari iwe imekwisha. Baada ya hapo huifunika na kuiacha. Wasio na chakula cha dukani huchemsha hamira ya mkate na kuitia, wakirudia jaribio la Louvain bila kujua.

Katika Afrika Mashariki, mwendo umekuwa wa kinyume. Sukari ya kiwandani, iliyo rahisi kuliko asali, imechukua nafasi yake katika pombe nyingi ziitwazo kwa majina ya kale, na pakiti ya hamira imechukua nafasi ya tunda. Sheria za kikoloni za leseni na makatazo, na nyingine zilizofuata baada ya uhuru, ziliwasukuma wapika wengi mafichoni. Mpika anayejificha hutaka pombe ya haraka. Hana nafasi ya kuanika matunda uani wala ya kuchagua lililo bora miaka kumi mfululizo. Sukari tupu, kwa bahati mbaya, ni chakula duni kuliko hata asali. Hivyo mapokeo yamepoteza mbegu na chakula kwa wakati mmoja.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba elimu ya chachu ina milango miwili. Mlango wa maabara ulitoa majina, vipimo na sababu, na hakuna anayeweza kuupuuza: bila Pasteur na Wildiers, isingejulikana kwa nini tunda la zamani ni bora kuliko jipya. Mlango wa nyumbani ulitoa kitu ambacho maabara haikukitoa, yaani chachu zenyewe, zilizochaguliwa kwa vizazi vingi katika maji ya asali, pamoja na desturi za kuzilisha. Kueleza mlango mmoja na kuunyamazia mwingine ni kuandika nusu ya historia.

Elimu ya maabara imo vitabuni na haitapotea kwa urahisi. Elimu ya nyumbani imo katika vitu vinavyooza na maneno yanayosahaulika. Tunda la chachu likikaa muda mrefu bila kutumika, chembe zake hufa, na hakuna maktaba itakayoirudisha chachu ile. Neno likiachwa ni vivyo hivyo. Mtafiti wa lugha anayekwenda vijijini kukusanya msamiati wa ufugaji wa nyuki asikome kwenye mzinga, sega na nta. Inafaa aulize pia: kile kinachotiwa ili pombe iamke kinaitwaje? Kinachobaki chini mtungini kinaitwaje, na hupelekwa wapi? Je, kuna neno moja kwa mbegu na jingine kwa chakula chake? Kiswahili cha vyuo vikuu, ambacho bado kinalitumia neno chachu kwa mambo matatu au manne tofauti, kinaweza kupata katika majibu hayo istilahi ambazo hakuna haja ya kuziazima kwa Kifaransa wala kwa Kiingereza.